Ng'ombe wa Mahari Wanarudi Matungu

Sylvia alikuwa akifagia uwanja asubuhi ya Jumanne, nyumbani kwake Matungu, Kenya, ng'ombe mwekundu alipoingia langoni, akanywa maji ya kuoshea vyombo na kulala karibu na kuni. Ng'ombe huyo mumewe Osiako alikuwa amempeleka kwa wakwe zake Sironko, Uganda, mwaka waliooana. Sasa alikuwa amerudi kwa miguu, peke yake, na udongo wa kule ulikuwa bado kwenye kwato.

"Hii ng'ombe ni yetu," alisema Pascalia, mamake Osiako, akimkagua pembe. "Imechoka. Patia chumvi."

Siku iliyotangulia, ofisi mjini Kakamega ilikuwa imekataa ombi la Sylvia la ukaazi wa kudumu. Hati kutoka Uganda ya kuonyesha kwamba hakuwahi kuolewa na mtu mwingine ilikuwa imepitwa na wakati. Hati hiyo huishi miezi sita, na faili lilikuwa limelala kabatini zaidi ya muda huo. Hati mpya hufuatwa Uganda na mwenyewe. Lakini pasipoti na kitambulisho chake vilikuwa ndani ya faili, na faili halifunguliwi mpaka hati mpya ije. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya ofisi.

"Si unipatie pasipoti niende haraka nirudi?" aliomba Sylvia.

"Madam, utaratibu ni utaratibu," alijibu karani Cleophas, ambaye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha zaidi.

Kila mara ofisi ilipokataa tena, ng'ombe mwingine alirudi. Mpakani hakuna aliyewauliza kitu. Ng'ombe hana pasipoti ya kuzuiliwa. Majirani waliwaona wakipita kando ya mashamba ya miwa, wakasema, "Wanaenda kwao," wakaendelea kupalilia. Osiako alijaribu kumrudisha mmoja Sironko. Akaambiwa ng'ombe anayetoka nchini lazima awe na kibali cha daktari wa mifugo, na daktari naye akataka ushahidi wa ndoa. Akarudi nyumbani na ng'ombe wake.

Sylvia aliogopa. Mila aliijua kama kila mtu: mahari yote ikirudi, ndoa imekwisha. Akaanza kufunga lango kwa mnyororo, na mchana akasimama barabarani na fimbo. Ng'ombe wa mwisho, mweupe mwenye mimba, alipitia kwenye miwa akaingia uwanjani.

Pascalia alilia, kwa kuwa alimpenda. "Mwanangu, mimi singetaka. Lakini sasa wewe ni msichana wa watu. Rudi kwenyu."

"Nitapita wapi, mama?"

Pasipoti ilikuwa bado ndani ya faili. Basi Sylvia akaachiwa nyumba kama msafiri aliyekwama njiani, naye Osiako akarudi kwenye isimba, kibanda chake cha ujana kilichokuwa kikiwekwa majembe. Alilala huko akisikia ng'ombe wakicheua.

Sylvia akapanda kwenda Kakamega kuomba pasipoti yake ili arudi kwao.

"Inatolewanga mbele ya bwana yako," alisema Cleophas.

"Sina bwana tena. Ng'ombe wamerudi wote."

Cleophas alikuwa mzaliwa wa Malinya, hukohuko Kakamega. Mambo ya ng'ombe aliyaelewa bila kuelezwa. Akampa pole, tena kwa moyo wake wote, akamvutia kiti akae.

"Basi leta hati ya kuonyesha hauna bwana," akasema. "Kutoka kwenyu."

Jumapili, baada ya kanisa, Osiako alibisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Sylvia alimkaribisha kiti. Kuku akachinjwa, maana mgeni wa Matungu haondoki bila ingokho, na obusuma ukasongwa. Wakazungumza juu ya mvua. Kila mmoja alitaka kumshika mwenzake mkono na kila mmoja alijua, lakini mgeni ana adabu zake, na mwenyeji ana zake.

Sylvia alimpakulia paja na shingo. Firigisi, ambayo huku huliwa na mume, ilibaki sufuriani.