Mpaka Mkono Upige Sakafu

Mdomo wa kwanza kupasuka kwenye mafunzo yale ulikuwa wangu, na aliyeupasua ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe. Alinibwaga kwenye godoro la mazoezi kifudifudi, akanikandamiza kwa goti mgongoni, akaukunja mkono wangu hadi bega likalia. Mkufunzi alipiga makofi.

"Safi! Hivyo hivyo! Usimwachie!"

Tulikuwa walezi kwenye nyumba ya vijana, wavulana watupu, wale walioshindikana makwao na wale walioletwa na mahakama. Hasira zao zilikuwa juujuu. Viti viliruka, madirisha yalivunjwa, na mwenzetu mmoja alishatolewa jino kwa kufuli. Ndipo uongozi ukamleta mkufunzi, bwana mmoja mwenye shingo nene kama kinu, aliyewahi kufundisha askari wa magereza, aje atuonyeshe namna ya kumdhibiti kijana bila kumuumiza. Maneno hayo aliyaandika ubaoni kwa herufi kubwa, "bila kumuumiza", nami nikayasoma huku natema damu kwenye leso.

Nusu yetu tulicheza walezi, nusu tukacheza vijana. Aliyecheza kijana alitakiwa atukane, ang'ate, alie, aombe, afanye kila kituko. Kanuni ilikuwa moja. Aliyebanwa akizidiwa kweli, apige sakafu kwa kiganja. Akipiga, unamwachia papo hapo. Asipopiga, hata akimlilia mama yake mzazi, humwachii.

"Mdomo ni mwongo," mkufunzi alisema, akizunguka katikati yetu mikono nyuma. "Hawa vijana ni waigizaji. Atakwambia mkono umevunjika, atakwambia anakufa. Usisikilize mdomo. Sikiliza mkono."

Watu walinogewa. Mpishi wetu, mtu mzima na kitambi chake, alibanwa akaanza kulia, "Nakufa jamani! Wanangu atawalea nani!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alipotosheka alipiga sakafu, akaachiwa, akainuka na kutuinamia kama yuko jukwaani.

Lakini aliyeng'ara alikuwa shemeji yangu. Ni lazima mjue alivyokuwa kabla ya hapo. Alikuwa mpole wa kutia huruma. Vijana walimmwagia maji kitandani kwake, walimwigiza anavyotembea, na mara moja walimfungia chooni mpaka nikaja kumfungulia mimi. Sasa mkufunzi akamwita mbele ya wote na kumwambia hajawahi kuona mwanafunzi mwenye mikono mizuri kama yake. Kichwa kikamvimba. Jioni alimbwaga mume wangu sebuleni, wakavunja meza, na mume wangu alilala chini anacheka, "Leo mdogo wangu amekuwa mwanaume!" Nilifurahi pia, nisiwafiche. Nilikuwa nimechoka kumlinda.

Haikupita wiki.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa na kijana tuliyemwita Kijiko, kwa ule wembamba wake na kichwa kikubwa. Mbele yake alikaa Tofali, na jina hilo halihitaji maelezo. Tofali alisema neno kuhusu mama yake Kijiko, neno ambalo sitalirudia. Kijiko aliinuka na sahani yake na kuivunja usoni kwa Tofali. Nyusi ikafunguka, damu ikamwagika mezani. Tofali alinguruma akapindua meza. Kijiko akabaki na kipande cha sahani mkononi, anakipunga hewani, analia kwa hasira, na kila aliyemkaribia alikatwa.

Nilimrukia Tofali kiunoni. Kiwiko chake kilinipata mbavuni nikaona nyota, lakini sikumwachia. Shemeji alimwendea Kijiko. Jamani, alikuwa hodari siku ile! Alikwepa mkato wa kwanza, akadaka kifundo cha mkono, akakipindua hadi kipande kikadondoka, kisha akambwaga kijana yule kifudifudi sakafuni kwa kishindo na kumkalia mgongoni kwa goti na uzito wake wote.

"Niache! Nitakuua!" Kijiko alipiga kelele.

"Tulia," shemeji alisema.

Kijiko alirusha miguu, akatukana ukoo mzima. Kisha matusi yakaisha.

"Sipumui," alisema. "Kaka, sipumui."

Shemeji hakutikisika. Jasho lilimtiririka lakini uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu anayefanya kazi yake vizuri.

"Nimeacha, kaka. Nimeacha. Sipumui."

Nilimsukuma Tofali ukutani. "Shem, mwachie. Kishaacha."

"Bado hajapiga."

"Hajapiga nini?"

"Sakafu."

Kijiko hakuwa kwenye yale mafunzo. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuwapo, hakuna aliyewahi kuwaambia habari ya kupiga sakafu. Na hata angejua, angepiga na nini? Mkono mmoja shemeji alikuwa ameukunja mgongoni, na wa pili ulikuwa umelaliwa chini ya tumbo lake mwenyewe.

"Hajui!" nilipayuka. "Hajui hiyo kitu! Mkono wake uko chini!"

"Wanaigiza, shem. Kaa mbali, usinivurugie."

Vijana wote walikuwa wanapiga mayowe sasa. Tofali mwenyewe, jicho moja limefumba kwa damu, alikuwa akilia, "Anakufa! Mtoeni, anakufa!" Kwa shemeji hiyo yote ilikuwa kelele ileile ya ukumbi wa mafunzo, watu wanaigiza, watu watacheka baadaye. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama sakafuni ule upande ambao mkono ungetokea.

Miguu ya Kijiko ilipiga teke moja la kivivu, ikatulia.

Nilimvuta shemeji kwa ukosi, shati likachanika likabaki mkononi mwangu. Nilimng'ata bega, sikio, sijui wapi, nikaonja chumvi. Hakuachia. Mkufunzi alimfundisha vizuri mno. Nikanyakua stuli ya mbao na kumpiga nayo mgongoni. Akaguna, akazidisha uzito. Nikainyanyua tena juu ya kichwa changu, na safari hii niliishusha kwenye mtulinga, kati ya shingo na bega, kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa ukivunjika.

Alianguka ubavu. "Shem!" alilia, ananitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa. "Shem, kwa nini?"

Nilimgeuza Kijiko. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Niliingiza vidole kinywani mwake nikatoa tonge, nikampulizia, nikamkandamiza kifua, nikampulizia tena. Tofali alimshika kichwa kwa mikono yake mikubwa, damu yake ikimdondokea mwenzake usoni, anasema, "Amka we mjinga, amka, nakuomba." Nilikuwa nimeshakata tamaa Kijiko alipokohoa. Kilikohoa kifua kizima. Nilikaa chini palepale kwenye vipande vya sahani nikalia kwa sauti.

Meneja aliniita ofisini kabla sijanawa mikono. Mkufunzi alikuwa amekaa pembeni yake, miguu kaitandaza.

"Mwenzako alifuata mafunzo hatua kwa hatua," meneja alisema. "Wewe umemvunja mfanyakazi mbele ya vijana. Unasimamishwa kazi."

"Alikuwa anamuua!"

"Mama, punguza jazba," mkufunzi alisema. "Kijana hakupiga sakafu. Kanuni iko wazi."

Niliipita ile meza sijui vipi. Nilimzaba kibao kilichomtoa kwenye kiti, nikamkalia kifuani na kumkaba na tai yake mwenyewe mpaka macho yakamtoka. "Ongea!" nilimwambia. "Ongea nikusikie!" Walinzi wawili walinitoa kwa kunivuta nywele. Sijutii hata chembe.

Nyumbani hakukuwa na afadhali. Mume wangu aliitupa sufuria ukutani.

"Umemvunja mdogo wangu! Damu yangu! Kwa ajili ya mtoto wa watu!"

"Na ningemvunja na upande wa pili."

Akanyanyua mkono. Nikanyanyua mwiko. Sijui tungefika wapi kama shemeji asingesema kitu. Alikuwa kwenye pembe ya sebule, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, hajala tangu hospitali.

"Nilikuwa namsikia, kaka," alimwambia mume wangu. "Kila neno nilikuwa nalisikia."

Mume wangu alishusha mkono.

Asubuhi shemeji aliniomba nimpeleke hospitalini, kwenye wodi aliyolazwa Kijiko. Nilikataa, akaniomba tena, nikampeleka. Kijiko alikuwa amelala chali, shingo imevimba, weupe wa macho yote mawili umejaa damu. Alipomwona shemeji alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akakinga uso kwa mikono.

"Sijafanya kitu, kaka," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mzee. "Nimetulia. Angalia, nimetulia."

Shemeji alisimama upande wa miguuni wa kitanda. Mkono wake mzima ulishika chuma cha kitanda.

Kijiko alishusha mikono taratibu. Aliona kwamba leo hapigwi, na nadhani alifikiri hii ndiyo nafasi yake ya kujua, kabla hajarudishwa kule kwenye nyumba ya vijana.

"Kaka, nilisema vibaya?" aliuliza. "Ningesema vipi?"

Nilimshika mguu juu ya shuka. "Ulisema sawasawa, mwanangu," nikamwambia. "Ulisema sawasawa tangu mara ya kwanza."

Hakunitazama. Alikuwa akimtazama yeye, anasubiri amfundishe.