Kiganja cha Mdakaji

Kazi yangu katika timu yetu ya besiboli hapa Kyushu, kusini mwa Japani, ni kudaka mipira ya warushaji wanapopasha mkono moto kabla ya mechi. Mimi sichezi. Nachuchumaa kwenye kona ya uwanja na kuhakikisha glavu inalia. Mpira ukitua penye mfuko wa ngozi wa glavu nami nikaubana kwa wakati wake, unasikika paa! kama mlango uliobamizwa na upepo. Kisha napaza sauti: "Mpira safi!" Mrushaji akisikia hivyo anaingia mchezoni kifua mbele.

Yorvis Urdaneta alitujia kutoka Maracaibo, Venezuela, akiwa amesharusha Meksiko, Nikaragua, Italia na Korea. Kila nchi msimu mmoja au miwili, kisha kwaheri. Alijifunza kuuinamia uwanja kabla ya kukanyaga nyasi, kama sisi, halafu akaongeza ya kwake: ishara ya msalaba, na busu kwenye medali ya Bikira iliyokuwa shingoni.

"Yorvis, umeshasalimia wote?" wenzake walimtania. "Tuanze sasa?"

"Bado mama yako," alijibu.

Asubuhi moja, msimu ukielekea kuisha, alikuja mapema. Tulikuwa wawili tu.

"Kubota-san, timu moja ya Taiwan inanitaka. Wanasubiri jibu leo."

"Hongera!"

"Ngoja kwanza. Jana Anaís wangu aliniuliza kwenye simu kama natia sukari kwenye kahawa. Binti yangu, miaka tisa, hajui baba yake anakunywaje kahawa." Alitazama chini. "Kama mkono bado una nguvu, nitakwenda, maana ndio unaowalisha. Kama umekwisha, narudi nyumbani. Nimemwomba Mungu mwezi mzima anionyeshe. Wewe unaonaje?"

"Mkono wako mzima kabisa," nilisema. Ulimi wangu umeshazoea.

Akacheka. "Wewe mzee, hata bibi yangu ungemwambia hivyo." Akavua glavu yake, akanipa. "Dakia hii."

Glavu ya mrushaji ni nyembamba. Msimu wake wa kwanza kwetu, mpira wake uliniumiza hata ndani ya glavu yangu nene. Kidole kilivimba, na mke wangu Fumie akawa ananishikia bakuli la wali juma zima.

"Nitaumia," nilisema.

"Ndicho ninachoomba."

Alirusha kwa nguvu zote, nilimsikia akiguna. Mpira ukatua kiganjani. Nilingoja maumivu. Moyoni nami niliomba, kwa njia yangu: niumie, nipate kumwambia aende. Maumivu hayakuja.

"Tena," alisema.

Alirusha tena na tena, mpaka jasho likailowesha medali. Kisha akanijia, akanivua glavu mwenyewe, akakifungua kiganja changu kidole kwa kidole, kama anayefungua mkono wa mtoto aliyeficha pipi. Hakikuwa na hata alama nyekundu. Akakisugua kwa kidole gumba.

"Hata kuwasha hakiwashi?"

Nilitaka kumpa jibu lile la siku zote.

"Hata kuwasha hakiwashi," nilisema.

Akapiga ishara ya msalaba. Machozi yalimlengalenga, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Basi. Asante, Mungu. Na wewe asante, mwongo mkubwa." Akajifuta uso kwa mkono wa jezi. "Vijiko viwili."

"Vya nini?"

"Sukari. Anaís atanikorogea mwenyewe."

Akainama kuokota kofia yake. Nikachukua glavu yangu nene kutoka kwenye benchi, nikachuchumaa mahali pangu.

"Yorvis! Mmoja wa mwisho. Huu nipe mimi."

Alirusha taratibu, kama baba anayemrushia mwanawe uani. Nikaungoja, nikaubana kwa ufundi wote niliojaliwa. Paa! Ukuta wa nyuma ukaitika.

"Mpira safi!"

Vijana wawili waliokuwa wamefika wakati huo walisikia mlio ule, wakatoa vichwa kwenye mlango wa chumba cha nguo.

"Kubota-san," mmoja aliuliza, "tumesajili mrushaji mpya?"