Mtu Hufuga Chake

Ndama alitanguliza miguu ya nyuma, na Mkunga alijua kabla hajamwona kichwa kwamba amekufa. Mguu wa ndama aliye hai hukataa kuvutwa. Huu ulimfuata tu. Akaendelea kuvuta, mkono mtupu ukiwa ndani hadi begani, shavu limegandamana na paja la ng'ombe. Kondo la nyuma likafuata, zito, lenye harufu ile aliyokwisha kuizoea, likamwagikia miguuni pake.

"Wa ngapi huyu?" msimamizi wa shamba aliuliza kutoka mlangoni.

"Wa sita, bosi, tangu mvua zikatike."

"Mfukie haraka. Gari la maziwa liko njiani."

Walimwita Mkunga kwa sababu katika shamba lote lile, lenye ng'ombe mia mbili, hapakuwa na mikono mingine iliyojua kumgeuza ndama tumboni mwa mamaye. Wengine walikamua, walikata majani, walisomba samadi. Yeye alizalisha, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alimfukia ndama nyuma ya banda, akanawa kwa maji ya mpira, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ale mkate wake. Ndipo kile kitu kilipoanza tena kupiga.

Kilikuwa tumboni, juu kidogo ya kitovu. Kilipiga kama moyo, ila moyo wake alijua ulipo. Kabla yake ilikuja homa ya kila jioni, kisha mgongo, kisha suruali zikaanza kumpwaya. Zahanati walimpa dawa za malaria mara tatu, wakampa za minyoo, mwisho wakamshauri apunguze mawazo. Sasa akilala chali, shati lilipanda na kushuka lenyewe, na wenzake bandani hawakukosa la kusema.

"Mkunga kashika mimba!"

"Mwenye mimba nani?"

"Muulize fahali. Siku hizi haangalii watu usoni."

Alicheka nao. Kununa kungewaongezea utamu tu. Lakini akiwa peke yake hakucheka. Aliwaza juu ya ndama wa kwanza kati ya wale sita, ambaye alitoka na uhai kidogo. Alikuwa amempulizia pumzi puani, mdomo kwa pua, amemsugua kwa majani makavu, na moyo mdogo ukapiga kiganjani mwake kwa muda wa kuweza kutumaini. Kisha basi. Siku hizi wazo lilimjia, likakaa bila kukaribishwa, kwamba moyo ule haukuzimika. Ulihama. Aliona haya kulisema hata kwa mkewe. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, aseme amebeba ndama?

Mkewe hakungoja aambiwe. Jioni moja aliweka mkono pale, akauondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Baba, hiki kina mapigo."

"Gesi hiyo."

"Gesi haipigi kwa hesabu. Kesho hospitali. Usipotaka, nitakwenda mimi niwaambie naumwa wewe."

Hospitali ya wilaya, karani alikaa nyuma ya kidirisha akijaza fomu bila kuinua macho. Unavuta sigara? Hapana. Presha? Sijui. Kifua kikuu kwenye ukoo? Hapana.

"Unafuga? Ng'ombe, mbuzi, kuku?"

"Hapana."

"Weka sahihi hapa."

Akaweka. Lilikuwa jibu la kweli, na alilitoa kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeulizwa iwapo ana gari.

Walimpima damu, wakamwambia arudi. Akarudi, mashine ya picha ilikuwa mbovu. Akarudi tena, mwenye ufunguo wa chumba alikuwa semina. Wiki saba zilikwenda hivyo, na kazi ilikuwa ileile, na ndama wawili zaidi walikwenda nyuma ya banda. Wiki ya nane daktari alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akakipitisha kifaa, akakirudisha palepale mara tatu. Alikuwa binti mdogo mwenye macho yaliyokosa usingizi.

"Baba, kuna mshipa mkubwa unatoka kwenye moyo, unashuka hadi hapa," alisema akimwonyesha kwa kidole. "Vijidudu vimekula ukuta wake. Umetuna, kama mpira wa baiskeli unavyochomoza kwenye tairi bovu."

"Ukipasuka?"

"Usinyanyue kitu. Usivute kitu. Unanisikia? Hata ndoo ya maji, mwachie mama."

Mkunga alimsikia. Alisikia pia alichokwepa kujibu.

"Kinachonishinda," daktari aliendelea, akipekua faili, "ni vimetoka wapi. Vijidudu vya namna hii mara nyingi hutoka kwa mifugo. Lakini hapa umesema hufugi."

"Sifugi, daktari."

Mkewe alikuwa keshasimama, kanga begani. "Twende basi, baba. Utawachelewa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" daktari aliuliza.

"Wa kazini kwake. Si ndiye anayewazalisha?"

Daktari aliuweka mkono juu ya faili kana kwamba lilitaka kuruka. "Baba, si uliulizwa?"

"Niliulizwa kama nafuga. Mtu hufuga chake, daktari. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai; mimi hata huyo asiyezaa sina. Wale ni wa tajiri."

Daktari alimtazama, akatazama tarehe ya fomu, akashika paji la uso. Alimwanzishia dawa siku hiyo hiyo, vidonge na sindano. Lakini dawa haishoni mshipa. Upasuaji wa namna hiyo ulifanywa hospitali ya rufaa tu, na kwa mtu kama yeye mlango wa kuingilia kule ulikuwa mmoja tu: fomu ya ugonjwa wa kazini, yenye saini ya mwajiri, ili mwajiri agharamie.

"Aandike tu kwamba unawagusa ng'ombe wanaotupa mimba. Ni kweli, siyo?"

"Ni kweli."

"Basi ni jambo dogo hilo," alisema daktari, akaiambatanisha fomu na nakala ya faili. Alikuwa bado kijana.

Ofisi ya msimamizi ilinuka dawa ya sakafu. Alizisoma karatasi zote, akarudia kuzisoma, kisha akasema, "Keti, Mkunga." Katika miaka kumi na tisa Mkunga alikuwa hajawahi kuambiwa akae mle ndani.

"Unajua nikiandika hapa kwamba ng'ombe wanatupa mimba, kiwanda kitayafanya nini maziwa yetu?"

"Bosi, mimi sikuja kwa habari ya maziwa."

"Habari yenyewe ndiyo hiyo. Familia ngapi zinakula hapa? Walale njaa kwa sababu ya tumbo lako?"

"Lakini wanatupa. Ninaowafukia ni mimi. Na daktari wa mifugo aliwatoa damu, mwaka jana, wote."

"Aliwatoa."

"Majibu yalisemaje?"

"Majibu ni ya ng'ombe, Mkunga. Ya kwako kaulize hospitali."

Mkunga alihesabu. Mwaka jana. Ndama aliyempulizia pumzi puani alikuwa wa mwaka huu, baada ya majibu.

"Na hii hapa," msimamizi alisema kwa upole, kama mjomba anayeamua ugomvi, "umeileta mwenyewe. Nisomee."

"Naijua."

"'Kufuga au kugusa mifugo: hapana.' Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Wewe umewakana ng'ombe wangu mbele ya serikali, halafu mimi ndiye niwakubali? Nani kati yetu atakuwa mwongo?"

Kule hospitali alikuwa nalo jibu, na lilitoka lenyewe. Hapa alishusha macho kwenye sahihi yake. Kitu kilipiga, kikapiga, na alikuwa na hakika msimamizi anakiona kikitikisa shati, kwa maana macho yake yalishuka pale, yakaganda, yakapanda upesi.

Mtu alipiga kelele kutoka bandani. Mtamba, yule aliyeletwa kwa ndege akiwa na cheti, alikuwa amekwama tangu asubuhi.

Msimamizi alifunika kalamu. "Mtoe huyu kwanza. Karatasi haina miguu, utaikuta hapahapa."

"Daktari amenikataza kuvuta."

"Nani kakwambia uvute? Simama uwaelekeze."

Akaenda, kwa sababu karatasi ilibaki mezani bila saini. Alisimama akawaelekeza. Wanaume wawili walivuta wakati wa kuacha, wakaacha wakati wa kuvuta, na mtamba alikuwa ameanza kugeuza macho. Akawaambia wampishe apapase tu, ajue kichwa kimelalia wapi. Akaingiza mkono. Mle gizani, kwenye joto, ulimi mdogo ulikizunguka kidole chake, ukaanza kunyonya.

Hakuna aliyemwamuru baada ya hapo. Aligeuza kichwa, akakamata miguu, akajitia nguvu zake zote za miaka kumi na tisa, na ndama akaja, akaanguka kwenye majani, akapiga chafya. Watu wakapiga vigelegele. Ndani ya Mkunga kitu kilifumuka taratibu, kama pindo la nguo. Moto ukamshuka mgongoni hadi kwenye nyonga, kisha baridi, baridi iliyoanzia midomoni. Akaegemea ukuta, akateleza nao hadi chini. Alitaka amwambie mtu akamwite mkewe. Wote walikuwa wamempa kisogo.

Msimamizi alikuja mbio, akairuka miguu ya Mkunga iliyonyooka njiani, akachuchumaa kwa ndama.

"Mkunga, dume au jike?"

Alikuwa anampangusa ndama macho kwa leso yake mwenyewe, na hakugeuka. Aliuliza tena, safari hii kwa kupaza sauti kidogo.