Aliyekuja na Vidonge

Fundi wa nguo akianza kutetemeka mikono, jamani, kazi imekwisha. Sindano inamtoboa kidole, chaki inakwenda upande, mkasi unakula kitambaa cha watu. Wateja wa mzee mmoja fundi walianza kuja mmoja mmoja, wanajichekesha, wanajitia wana safari, kumbe wamefuata vitambaa vyao. Binti yake, ambaye alishona naye chumba kimoja, cherehani mbili uso kwa uso, hakuvumilia. Alimshika mkono akampeleka hospitali. Daktari akasema ubongo wa mzee umepungukiwa na kemikali ya kuendesha viungo, akampa vidonge vya kuijaza.

Vidonge vile, acha tu! Haukupita muda mzee akawa anatunga uzi kwa mkupuo mmoja, tena na maneno juu. "We Kifungo," alimwita binti yake kwa jina la utani la tangu utotoni, "pindo gani hilo? Limelewa?" Kifungo alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha mchana mmoja mzee akaacha kushona, akavuta stuli karibu na meza ya pasi, akaipangusa vumbi. "Kaa, mke wangu," akasema. "Utachoka kusimama."

Mke wake, yaani mama yake Kifungo, alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Kifungo aliitazama stuli tupu. Alijua la kufanya: kumwambia daktari, basi. Badala yake akajikuta anauliza, "Baba, amevaa nini?"

"Gauni lake la bluu. Anachambua vifungo. Anasema umekonda."

Haya, mwambie mtu aliyefiwa na mama yake asilisikie neno hilo. Kila siku ya Mungu mama alikuwa akimwambia amekonda, hata alipokuwa amenona vizuri, naye akikereka. Sasa alikwenda kujifungia chooni akalia, uchungu na raha vimechanganyika. Tangu siku ile, baada ya kidonge cha mchana, aliuliza kwa sauti ya kumbembeleza mzee, eti anamridhisha tu: Mama anasema nini leo? Amecheka? Mzee alimjibu huku akishona, na chumba kikawa na watu watatu tena.

Siku ya kliniki, mzee akiwa bado nje anafunga kamba za viatu, daktari aliuliza waziwazi: "Kuna vitu anaviona ambavyo havipo? Dawa hizi zina tabia hiyo."

"Hakuna, daktari," Kifungo akasema. Uongo mkavu, wala hakupepesa jicho.

Kilichomuumbua ni pasi. Mzee alikuwa ananyoosha kola ya koti, pasi imeshika moto kwelikweli, mara akaielekeza kwenye stuli tupu. "Shika basi!" akasema, akaiachia. Ikamwangukia mguuni. Kifungo alipomvua soksi, ngozi ilitoka nayo. Na mzee, meno yanagongana kwa maumivu, alikuwa anashangaa tu. "Alinyoosha mkono," alisema. "Nimempa, hakushika."

Hospitali Kifungo akatapika ukweli wote. Daktari hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alimweleza kwamba dawa ikishaingia kwenye ubongo haichagui pa kwenda: inafika panapoendesha mikono, na inafika pia panapotengeneza picha za kuona. "Nikipunguza, mama yako ataondoka," akasema. "Na mikono itarudi kutetemeka, sikufichi. Nisipopunguza, kesho baba yako atampokeza mkasi, au atamfuata barabarani katikati ya magari."

"Punguza," Kifungo akasema. Hakumuuliza baba yake kwanza. Angemuulizaje?

Mama hakuondoka mara moja. Kwanza alinyamaza. Mzee akadhani amenuna, akawa anambembeleza, "Nimekukosea nini, mke wangu?" Kisha akawa anaonekana kidogo, anapotea. Halafu akapotea kabisa, na mikono ikarudi kulekule ilikokuwa.

Mzee alikaa mbele ya cherehani, mikono inarukaruka mapajani. "Mmepunguza dawa," alisema. Hakuwa mjinga. "Nani aliyesema zipunguzwe?"

"Mimi, baba."

"Mara ya kwanza alikufa kwa maradhi, sikuwa na wa kumlaumu. Mara hii ni mwanangu."

Kifungo akajitetea: pasi, mguu, magari. Mzee akamkata kauli. "Wewe ulikuwa unaniuliza habari zake ili nitulie, kama mtoto. Kwako ulikuwa mchezo. Umepoteza nini wewe?"

"Mchezo?" Kifungo alisimama. "Baba, mimi nilikuwa namngoja kuliko wewe! Naamka asubuhi nangoja mchana ufike. Nilimdanganya daktari makusudi ili asimwondoe, ukaungua kwa sababu yangu. Halafu nikamwondoa mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe!" Akalia kwa kwikwi pale pale, mbele ya baba yake.

Hasira yote ikamwisha mzee. Akanyoosha mkono amfute machozi, mkono ukakataa, ukawa unampigapiga shavuni. Akaushika kwa ule wa pili, nao unatetemeka vilevile.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" akasema. "Ningemwambia akuage."