Kilichobaki Baada ya Kuvua

Nimelala sakafuni, juu ya saruji tupu, kwa sababu shuka inaniunguza. Ni mchana. Wifi yangu Hadia ameshasema kwamba mtu mwenye mashavu kama yangu hawezi kuwa mgonjwa, daktari naye ameangalia vipimo akasema ni safi, basi nimebaki mimi na moto wangu ulioko chini ya ngozi, miaka sasa, moto unaozidi kila nguo inaponigusa. Nafumba macho. Sakafu inalegea chini ya mgongo, inageuka barabara, na barabara inaanza kwenda hata kabla sijanyanyuka. Natembea. Inapinda, inajikuta yenyewe, inapinda tena, na kila nikidhani nimefika najikuta nilipoanzia, gauni likinichoma hatua kwa hatua. Pembeni yangu yuko mtu asiyekuwa na uso, pale palipopaswa kuwa na macho na mdomo pako laini kama ganda la yai. Namuuliza njia hii inakwenda wapi. Inakwenda anakokwenda aliyeichoka, ananijibu. Namwambia mimi nimeichoka zamani. Basi umefika, anasema, na kweli lango liko mbele yetu.

Juu ya lango pameandikwa methali tunayoijua sote, kikulacho ki nguoni mwako, na watu wa mji huu wameishika kama ilivyo, neno kwa neno. Hawavai. Wala si mambo ya chumbani. Ni watu wazima wa kila umbo, wanene kwa wembamba, wamekaa barazani wanamenya machungwa, wanacheza bao, wanataniana, na kila mmoja ana khanga yake mkononi, si ya kujifunika bali ya kutandika anapokaa, maana kukalia kiti cha wenzio bila kutandika ndio utovu wa adabu huku. Hakuna anayemtazama mtu chini ya shingo. Bi Zamda, mlinzi wa lango, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ananiambia karibu mwanangu, vua, uwe mwenzetu. Navua. Upepo unanipitia mwili mzima na hakuna uzi hata mmoja unaonigusa, nami nalia kwa raha, nalia bila kujificha. Moto unapungua, ila hauzimiki. Umebaki mgongoni na magotini, pale pale ulipozaliwa, na natembea nimepinda vilevile.

Hapo ndipo wananigeukia. Nyumba za mji huu zina kuta za vioo, na ndani ya kila kioo kuna mji mwingine kama huu, wenye mimi mwingine, asiye na kovu wala uvimbe. Bi Zamda ananivuta mpaka kwenye kioo. Tazama, huna kitu, anasema. Kilichokuwa kikikula kilikuwa nguoni, na nguo umeziacha langoni. Sasa simama wima kama sisi. Namwambia bado naumwa. Basi hujavua, ananijibu, waliovua hawaumwi. Maneno hayo yanazunguka baraza zima, wengine wanayasema kwa upole, wengine kwa kicheko, kwamba nimeficha vazi mahali, na sheria ni kuwa asiyevua lote hakai humu, anavishwa na kurudishwa barabarani. Mwanamume mmoja ameshalileta gauni langu. Naliona likija na mwili wote unanisisimka. Ningeweza kunyoosha mgongo, nikauma meno, nikasema nimepona, nikabaki. Huko nitokako kila asubuhi naulizwa hali, nami najibu njema huku nimeshika ukuta. Hata naunyoosha, kidogo. Halafu hasira inanipanda. Nimevua mpaka uzi wa mwisho, jamani, ili niendelee kudanganya?

Namgeukia yule asiyekuwa na uso, namuuliza nifanye nini. Aliyeulizwa sana naye aulize, ananijibu. Basi nasimama katikati yao, nimepinda nilivyopinda, nasema kitendawili. Wanaitika wote, tega, maana hata watu wasiovaa hawawezi kuliacha neno hilo bila kuitika. Nimevua vyote, kimoja kimebaki. Sikukivaa, chenyewe kimenivaa. Kivuli, anasema mmoja. Namwambia kivuli hulala taa ikizimwa, hiki hakilali. Ngozi, anasema mwingine. Namwambia ngozi ni nyumba, hiki ni mgeni. Aibu, anasema Bi Zamda, tena kwa uhakika. Aibu niliiacha langoni pamoja na sidiria, namjibu. Wanacheka, kisha wanafikiri, na waliomo ndani ya vioo nao wanafikiri, na hakuna anayepata. Mmeshindwa, nasema, nipeni mji. Ndiyo desturi, aliyeshindwa hutoa mji, nao wanatoa kwa ukarimu: chukua Tabora, chukua Lamu, chukua Unguja yote. Nakataa. Nawaambia nataka huu. Bi Zamda ananikazia macho. Huu tunakaa sisi, anasema. Najua, nasema, na mimi nitakaa humu humu. Na jibu ni maumivu, na hayavuliki, na kioo hakiyaoni, na nyinyi hamyaoni, na yapo. Yule aliyeshika gauni langu analitandika chini kama khanga, anakaa juu yake polepole mno, mkono mmoja kiunoni, na uso wake unakunjamana. Naujua mkunjo ule. Mimi pia, anasema. Bi Zamda anamtazama, ananitazama mimi, anavitazama vioo kama mtu aliyeuziwa sukari akakuta chumvi. Haya, ananiambia, mji wako. Nami najilaza hapo hapo barazani, sijanyooka, sijapona.

Kisha mlango unagongwa. Chini ya mgongo wangu kuna saruji, lakini hata barazani kulikuwa na saruji. Sina nguo, na sikumbuki nilizivulia wapi. Anayegonga ana sauti ya Hadia, au ya yule msindikizaji wangu, siwezi kujua, nyuma ya mlango hakuna mwenye uso. Amka uvae, inasema sauti, wageni wamekaa wanakungoja, na tafadhali usianze kuwaeleza habari za kuumwa, wewe u mzima. Nageuka ubavu, kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka napata mahali ninapoweza kupumua.

Waambie mwenye mji amelala, nasema. Waambie anaumwa.