Nafasi ya Ndege ya Daktari

Daktari wa meno alipoagiza ndege mpya, uwanja mzima ulijua kabla ya mkewe. Kwa miaka alikuwa akirusha ndege ya kuelea, ile yenye mabawa marefu, isiyo na injini, ambayo lazima ndege nyingine iifunge kamba, iivute hadi juu, kisha iiachie. Hii mpya ilikuwa na kiinjini chake. Ingejipandisha yenyewe, halafu kiinjini kingekunjwa mgongoni, nayo ielee kimya kama zile nyingine.

"Mimi na kuvutwa tumeachana," alisema kantini. "Nimechoka kukokotwa kama gari bovu."

Aliyekuwa akimvuta aliketi meza hiyo hiyo: mwanamke wa makamo, rubani wa ndege ya kuvuta, ambaye klabu nzima ilimwita Mama Kamba. Alicheka naye. "Basi nitapumzika, Daktari."

Laiti angeishia hapo. Kwenye kikao cha kamati akaomba nafasi ndani ya banda la ndege, eti mali ya thamani vile haifai kunyeshewa. Banda lilikuwa limejaa. Wanakamati wakatazamana, nusu yao alikuwa amewaziba meno. Wakaamua ndege ya kuvuta, kwa kuwa ni kuukuu na imezoea shida, itoke nje. Mama Kamba akaifunika turubai, akaifunga kwenye vigingi.

Ndege mpya ilitarajiwa kabla ya mvua. Haikuja. Kiwanda kikaomba radhi, injini zimechelewa. Kikaomba radhi tena, safari hii rangi. Daktari akajifanya mtu wa subira. "Wale jamaa hawalipui kazi," aliwaambia waliomuuliza. Kila Jumamosi alikuja kufagia nafasi yake, mpaka sakafu ikang'aa kuliko ya kliniki.

Mvua zikaanza, kuruka kukasitishwa. Asubuhi moja alimkuta Mama Kamba amepiga magoti juu ya bawa, anakausha maji kwa kitambaa na kukikamulia ndooni. Turubai lilikuwa limechanika. Daktari alisimama mlangoni mwa banda, mkavu, ufagio mkononi, na nyuma yake nafasi tupu.

"Habari za asubuhi, Mama."

"Nzuri, Daktari. Haijaja tu?"

"Bado kidogo."

"Itakuja. Vuta subira."

Maneno yalikuwa mdomoni: iingize humu kwa sasa. Lakini kuyasema leo kulikuwa kukiri kwamba angeweza kuyasema tangu mwanzo. Akayameza, akarudi kufagia pasipo na vumbi.

Nyumbani mkewe alimuuliza mbona hali chakula. Alipomweleza, mama wa watu akaweka kijiko chini.

"Kumwambia unaona haya. Kumwacha anyeshewe je, huoni haya?"

Akaahidi kwamba Jumamosi ijayo angesema. Ndege ikafika Ijumaa.

Ilikuja ndani ya tela refu jeupe, na watu wakakusanyika. Dereva aliyeileta alipiga kifuniko cha tela kwa kiganja. "Hili halipitishi hata unyevu. Wengi huziacha humu humu, nje, mwaka mzima."

Daktari alilijua hilo. Tela alilichagua mwenyewe siku ya kuagiza. Bandani aliitaka ndege ili wapitao waione.

Mama Kamba, aliyekuja kusaidia kuunga mabawa, alilizunguka lile tela pole pole. "Kumbe imekuja na nyumba yake," alisema, bila kejeli yoyote. Afadhali angemkejeli. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," alisema, "tuirudishe yako ndani."

"Leo ni siku yako. Tuunge mabawa kwanza."

"Yako kwanza."

Wakaisukuma. Turubai lilipotoka, harufu ya ukungu ikawapiga usoni. Nyaya zilikuwa zimeota ukijani, na panya walikuwa wametafuna kiti.

"Nisamehe," alisema Daktari.

Mama Kamba alikuwa amekwisha ingiza kichwa kwenye injini. "Mwanzoni nilikuwa nakutukana kila nikikamua kile kitambaa," alisema. "Baadaye nikachoka. Shika tochi hapa."

Kesho yake anga lilikuwa zuri na wenzake wenye ndege za injini waliruka. Daktari alishinda chini ya ndege kuukuu, anasugua kutu. Walimsifu kwa moyo wake, naye kila sifa ilimchoma, maana wema haukuwemo. Aliona aibu tu kupita mbele yao na ile mpya.

Ikawa hivyo hadi wiki iliyofuata, Mama Kamba alipomfukuza. "Nenda ukaruke, bwana. Unanizibia mwanga."

Akaenda. Injini iliwaka mara moja, ikampandisha, ikakunjwa. Kimya kikaingia, kile alichokisubiri miezi yote, nacho kikamkuta hana raha. Alizunguka kidogo, akashuka mapema, akaenda kumuuliza Mama Kamba kama kile kiti kinashoneka.