Ratiba ya Kumtembeza Mama

Alama za vema zilikuwa kumi na mbili, zote kwa kalamu nyekundu ninayosahihishia madaftari, na nane kati yake zilikuwa za uongo.

Karatasi ile ninayo hadi leo, miaka miwili baadaye. Niliichora kwa rula siku tuliyorejea Mwabungo kutoka hospitali, mama akiwa na mshono mbichi baada ya kutolewa kizazi. Muuguzi Kanze alinishika mkono mlangoni mwa wodi tukiondoka.

"Mwalimu, sindano ya kuzuia damu isigande haitoshi peke yake. Mtembeze mara nne kwa siku, hata akilia. Damu ikilala miguuni huganda, na donge likipanda mapafuni tutampoteza."

Siku ya kwanza alilia, nami nikamtembeza. Hatua kumi hadi mlangoni, kumi kurudi, kucha zake begani mwangu. Vema nne.

Siku ya pili alikuja Shangazi Twaiba na wanawake wa mtaani kumjulia hali, wakajaa mkekani. Nilipomwinua mama aliguna, na chumba kizima kikanigeukia.

"Ala, Sumaiya! Mgonjwa atembezwa kama mbuzi wa mnada?" akasema shangazi. "Hata hao watoto wako wa skuli wana mapumziko."

Wakacheka. Mama naye alicheka, ameshika mshono, akinitazama kwa macho ya kuomba. Nikamlaza. Shangazi akampangia mito. Kesho yake wageni walikuwa wengi zaidi, nami sikuwa na uso wa kumwinua mbele yao. Jioni zote mbili, kwa kuwa siwezi kuvumilia visanduku vitupu, nilivijaza.

Siku ya nne shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limevimba, la moto. Shangazi alikwisha kupasha mafuta ya nazi ili amkande, nikampokonya kibakuli. Wakati huo huo mama akashika kifua.

"Pumzi, mwanangu. Siipati."

Hospitalini, Kanze aliisoma ratiba mara mbili. "Mbona ulifanya yote, mwalimu?"

"Si kweli," nilisema. "Za chini, zote nane, si kweli."

Alikimbia kurudi kitandani kwa mama. Mama alifariki kabla ya adhuhuri.

Matangani shangazi aliketi karibu yangu, akanipangusa machozi kwa ncha ya leso yake.

"Usijilaumu, mwanangu. Angalau siku zake za mwisho alipumzika."

"Naam, shangazi," nilimjibu, nikamsogezea mto.